Soma Jani Kabla ya Kujaza Bomba

Mvua za kwanza zikishalowesha vumbi la Muheza, mkoani Tanga, maduka ya pembejeo hupanga mbele chupa za mbolea ya majani, zile ambazo wakulima wengi huziita busta. Lebo zina picha ya chungwa lenye rangi ya dhahabu, na ahadi ni zile zile: maua mengi, matunda makubwa, hakuna kupukutika. Mwenye michungwa iliyofifia hununua, hupiga, husubiri. Mmoja huona majani yamerudi ukijani ndani ya wiki chache, akaapa kwamba haachi tena. Jirani yake haoni kitu hata baada ya kupiga mara nne. Wote wawili huenda wamenunua chupa ile ile katika duka lile lile. Tofauti yao imo katika kile ambacho mti wa kila mmoja ulikuwa umekikosa, na hilo hakuna kati yao aliyelichunguza.

Naiamini mbolea ya majani. Nasema hivyo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya makala haya itaeleza mipaka yake, na sitaki msomaji aondoke akidhani ni ulaghai. Ikitumika mahali pake, matokeo yake huonekana kwa macho, na historia yake ni ya kuheshimika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, michungwa mingi ya California na Florida ilikuwa na majani madogo, membamba, yenye mabaka ya njano kati ya mishipa, huku matawi yakikauka kuanzia nchani. Wakati huo huo William Chandler na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walikuwa wakihangaika na tatizo la namna hiyo kwenye miti mingine ya matunda. Waliweka salfeti ya chuma kwa wingi kwenye udongo. Baadhi ya miti ikapona. Walipofuatilia, waligundua kwamba chuma hakikuhusika kabisa. Salfeti ile ilikuwa na uchafu wa zinki, na zinki ndiyo iliyoponya miti. Haukupita muda, salfeti ya zinki iliyochanganywa na chokaa ikaanza kupuliziwa kwenye majani ya michungwa, na miti iliyodhoofika ikarudi kuchipua na kuzaa.

Kwa nini zinki kidogo namna ile iliweza kuinua mti mzima? Jibu ni la hesabu, na mkulima yeyote anaweza kuifanya chini ya mti.

Chukua mchungwa mzuri unaozaa machungwa 1,000, kila moja gramu 200. Hizo ni kilo 200 za matunda. Ndani ya mzigo huo mna naitrojeni ya karibu gramu 300, na potasi ya kiasi hicho au zaidi. Zinki iliyomo ndani yake haifiki hata gramu moja. Ni sehemu tu ya gramu. Sasa jaza bomba. Mti mkubwa huhitaji lita 10 hivi za maji ili majani yalowe vizuri. Ukichanganya urea kwa asilimia moja, lita hizo 10 zitabeba gramu 100 za urea, yaani gramu 46 za naitrojeni. Hata kama kila tone lingeingia ndani ya jani bila kudondoka chini, ungehitaji kupiga zaidi ya mara sita ili kurudisha kile kilichoondoka na matunda peke yake, mbali na kile ambacho mti unakihitaji kukuza majani, matawi na mizizi. Lakini ukiweka salfeti ya zinki kwa nusu asilimia, lita zile zile 10 zina gramu 11 hivi za zinki. Hata ikiingia asilimia tano tu na nyingine yote ikapotea, mti umepata zaidi ya ulichopoteza kwa mavuno.

Hesabu hiyo ndiyo inayogawa kazi kati ya mizizi na majani. Naitrojeni, fosforasi, potasi, kalsi na magnesi ni vyakula vinavyohitajika kwa wingi, na njia yake ni udongo. Zinki, manganizi, boroni na shaba huhitajika kama chumvi kwenye mchuzi, na hizo jani linaweza kuzipokea kwa kiasi kinachotosha. Ndiyo maana mkulima ambaye hajaweka samadi wala mbolea yoyote chini ya mti kwa miaka mitano, kisha akapiga busta yenye naitrojeni asilimia chache, huona ukijani wa muda mfupi na mavuno yale yale. Mti wake una njaa ya mamia ya gramu, naye ameupa gramu chache.

Muheza ina sababu zake za kukosa virutubisho hivi. Udongo mwingi wa huko ni mwekundu, wa kale, uliooshwa na mvua kwa muda mrefu sana, na wenye uchachu. Magnesi na zinki huwa chache kwenye udongo wa namna hiyo. Ukishuka pwani, kuanzia Tanga hadi Kwale na Kilifi, kuna mahali udongo umetokana na mawe ya matumbawe, wenye chokaa nyingi, na huko tatizo hugeuka: zinki, chuma na manganizi vinaweza kuwamo udongoni, lakini chokaa huvifunga hivi kwamba mizizi haivipati. Kwenye udongo wa chokaa, kumwaga salfeti ya zinki chini ni kupoteza fedha, maana nayo itafungwa. Jani ndiyo njia ya mkato iliyo halali.

Sasa tuangalie jani lenyewe. Chuma jani moja la makamo na jingine changa, yainue dhidi ya mwanga wa asubuhi, uyatazame kwa subira.

Upungufu wa zinki huonekana kwenye majani machanga. Mishipa hubaki kijani, na kati ya mishipa huwa njano iliyopauka, inayoonekana wazi kabisa. Jani huwa dogo, jembamba, limesimama wima, na vipingili vya tawi husogeleana hata majani yakaonekana kama yamefungwa kishada. Manganizi ikipungua, jani hubaki na ukubwa wake wa kawaida. Pande za mishipa huwa na utepe wa kijani iliyokolea, na katikati huwa kijani hafifu badala ya njano kali. Chuma kikikosekana, majani machanga kabisa hugeuka njano, karibu meupe, na mishipa hubaki kama wavu mwembamba wa kijani. Magnesi hujionyesha kwenye majani ya zamani, hasa yaliyo karibu na matunda: njano huanza pembeni na kwenye ncha, na karibu na kikonyo hubaki pembe ya kijani iliyochongoka kuelekea nchani. Naitrojeni ikipungua, jani zima hufifia bila michoro, tena kuanzia majani ya zamani. Boroni ni vigumu kuiona kwenye jani, pasua tunda. Ukikuta gundi ya kahawia kwenye nyama nyeupe ya ganda, na tunda ni dogo, gumu, lisilo na maji, ishuku boroni.

Kuna jambo moja linalofanya usomaji huu uwe zaidi ya suala la kuokoa fedha za busta. Ugonjwa wa grining, unaoletwa na bakteria wanaoishi kwenye mirija ya kusafirisha chakula ndani ya mti, hutoa majani ya njano yanayofanana sana na upungufu wa zinki. Kanda yetu inaujua kwa muda mrefu kwenye nyanda za juu zenye ubaridi, ambako huenezwa na mdudu mdogo aitwaye sailidi wa Kiafrika. Miaka ya karibuni wanasayansi wamethibitisha kwamba sailidi wa Asia, mdudu wa milimita tatu hadi nne anayekaa ameinua sehemu ya nyuma ya mwili wake juu, ameingia Tanzania. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilimtaja Morogoro, na baadaye akaonekana Kenya. Huyu huvumilia joto la nyanda za chini. Bakteria wa Asia anayesafiri naye ndiye aliyeangusha michungwa ya Florida. Ugonjwa uligunduliwa huko mwaka 2005, na jimbo lililokuwa likivuna zaidi ya masanduku milioni 200 ya machungwa kwa msimu limeshuka hadi chini ya milioni 20.

Jifunze basi kutofautisha. Laza jani mezani, chora kwa kalamu duara dogo upande mmoja wa mshipa mkuu, kisha duara jingine upande wa pili mahali panapolingana nalo. Upungufu wa virutubisho huheshimu mshipa: maduara yote mawili yatafanana rangi. Grining haiheshimu: duara moja litakuwa njano na jingine kijani, kwa mabaka yasiyo na mpangilio. Ongeza ushahidi kutoka kwenye matunda. Ya mti mgonjwa huwa madogo, yamepinda upande, mbegu zake nyingi zimekufa, na ladha yake ni chungu. Mara nyingi tawi moja huanza kuwa njano wakati matawi mengine bado yana afya. Ukiona hivyo usifungue chupa yoyote, mwite afisa ugani. Florida walijaribu sana kuipulizia miti yenye ugonjwa huo zinki, manganizi na virutubisho vingine. Majani mengine yalipendeza kwa muda, lakini bakteria walibaki, na mti mgonjwa unaopendeza huendelea kuwaambukiza majirani.

Macho yana kikomo chake, hasa mti ukikosa vitu viwili kwa pamoja. Anayetaka uhakika apime. Chuma majani 100 hivi yenye umri wa miezi minne hadi sita, kutoka matawi yasiyo na tunda, kwenye miti inayofanana, uyapeleke maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, kilichomo humo humo Muheza, kimeshughulika na udongo kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro nacho kina maabara, na Kenya kuna shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Viwango vinavyotumika sana kwa michungwa husema jani zuri lina naitrojeni asilimia 2.5 hadi 2.7, potasi asilimia 1.2 hadi 1.7, magnesi asilimia 0.3 hadi 0.49, zinki na manganizi kati ya sehemu 25 na 100 kwa milioni, na boroni kati ya 36 na 100. Jani lenye zinki sehemu 40 halihitaji zinki, hata muuzaji aseme nini.

Tuseme sasa umejua kwamba zinki imepungua. Upige lini, na vipi?

Jani la mchungwa limefunikwa nta, na nta huongezeka kadiri jani linavyokomaa. Matundu ya hewa yako karibu yote upande wa chini. Kwa hiyo wakati bora ni pale majani mapya yamefikia theluthi mbili ya ukubwa wake: yamekwisha kuwa mapana kiasi cha kupokea, lakini nta bado nyembamba. Elekeza mdomo wa bomba kutoka chini kwenda juu, ukizunguka mti. Wengi husimama mahali pamoja na kunyunyizia juu juu, na kinacholowa ni upande mgumu zaidi kupenya. Piga asubuhi na mapema au jua likishapoa. Saa sita mchana ya pwani matone hukauka kabla hayajaingia, na chumvi inayobaki huunguza. Mvua ikinyesha saa moja baadaye, kazi imekwenda na maji.

Kwa bomba la mgongoni la lita 16, nusu asilimia ni gramu 80 za salfeti ya zinki. Ikipigwa peke yake huweza kuunguza machipukizi na kutia alama matunda, ndiyo maana huongezewa chokaa iliyozimwa, nusu ya uzito wake, yaani gramu 40. Koroga kila kimoja kwenye chombo chake, chuja chokaa kwa kitambaa, kisha changanya. Manganizi ikihitajika, salfeti yake inaweza kuingia humo humo. Zinki haihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, kwa hiyo usitegemee kwamba ulichopiga mwaka jana kitalisha machipukizi ya mwaka huu. Mkupuo mkubwa wa majani mapya unahitaji kupigwa tena, ikiwa upungufu bado upo.

Boroni naomba ishikwe kwa heshima kubwa. Husaidia mrija wa chavua kukua ndani ya ua, na ikipungua maua hupukutika bila kushika tunda. Wakati wake ni vitumba vinapoanza kuonekana. Lakini nafasi kati ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru ni ndogo kuliko kwa kirutubisho kingine chochote. Asidi ya boriki kwa asilimia 0.1 ni gramu 16 tu kwa bomba la lita 16. Kuipima kwa vifuniko vya soda vilivyojazwa kwa kukisia ni hatari; nunua mizani ndogo, au mnunue pamoja wakulima watano.

Shaba, kwa upande wake, hukosekana mara chache kwa anayepiga mrututu au dawa nyingine za kuvu zenye shaba, kwa kuwa mti umekwisha kuipata humo.

Kuchanganya vitu ovyo ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Naitreti ya kalsi ikikutana na salfeti yoyote hutengeneza jasi, unga mweupe unaoziba mdomo wa bomba. Fosfeti nayo hukamata zinki na kuigandisha. Kabla hujajaza pipa, weka kiasi kidogo cha kila kitu, kwa uwiano ule ule, kwenye chupa nyeupe ya maji, tikisa, iache nusu saa. Ukiona mawingu, vipande au tope chini, mchanganyiko huo haufai. Tumia maji yale yale utakayopigia, maana visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi na chokaa.

Kuhusu urea, kuna utafiti mmoja unaostahili kutajwa. Mwaka 1994, Carol Lovatt wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, pamoja na mwenzake, walichapisha matokeo ya kupulizia urea majani ya michungwa ya Washington Navel wakati wa baridi, kabla ya maua, na mavuno yaliongezeka. Gramu zilezile nilizosema ni chache ziliongeza matunda, kwa sababu ziliingia wakati vitumba vinaandaliwa. Kwetu hakuna baridi ya kuamsha maua. Kinachoyaamsha ni ukame unaofuatwa na mvua, kwa hiyo dirisha hilo lingeangukia karibu na mwanzo wa mvua. Naona inafaa kujaribiwa Muheza, si kuigwa shamba zima kwa mkupuo. Tena urea yenyewe iwe na bayureti kidogo, uchafu ulio ndani ya urea, isiyozidi asilimia 0.25. Urea ya kawaida ya mahindi mara nyingi ina zaidi, na bayureti hugeuza ncha za majani ya mchungwa kuwa njano ambayo haitoki mpaka jani lianguke.

Ukubwa wa tunda ndio unaomlipa mkulima, maana mchuuzi huchagua kwa jicho. Hapa potasi ina nafasi. Naitreti ya potasi, asilimia 1 hadi 2, ikipigwa matunda yakiwa bado madogo imeongeza ukubwa katika majaribio ya nchi kadhaa, na hupunguza ganda kupasuka. Ikizidi, ganda huwa nene na maji huwa makali. Naitrojeni nyingi nayo hunenepesha ganda na kupunguza maji. Anayeuzia wakamuaji juisi asikimbilie chungwa kubwa lenye ganda kama godoro.

Rangi ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapokerwa na lebo. Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani. Ganda hupoteza ukijani usiku unaposhuka chini ya nyuzijoto 13 hivi, na usiku wa namna hiyo haupo kwenye nyanda za chini za Tanga. Panda Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, utakuta machungwa yamegeuka rangi bila kupigwa chochote. Hakuna zinki wala potasi itakayoleta ubaridi wa Usambara Muheza. Vivyo hivyo hakuna chupa itakayozuia nzi wa matunda asitoboe chungwa likaanguka, wala itakayourudishia mti nguvu ulizopoteza kwa kubeba matunda ya aina ya Valencia yaliyokomaa kwa miezi huku ukidaiwa maua mapya.

Dukani, soma asilimia. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda TFRA, mamlaka inayodhibiti mbolea Tanzania, na mbolea halali hueleza kilichomo na kiasi chake. Lebo inayosema tu kwamba ina virutubisho vyote bila namba haikusaidii kupiga hesabu, kwa hiyo irudishe rafuni.

Kisha jaribu shambani kwako mwenyewe. Chagua michungwa 20 inayolingana umri na ukubwa, funga utepe kwenye 10, mti mmoja ndani mmoja nje, ili udongo mzuri usiangukie upande mmoja. Yote ipate samadi sawa na palizi sawa. Pulizia yenye utepe tu. Siku ya kuvuna, pima kilo za kila mti, kisha chukua machungwa 10 kutoka kila upande, uyakamue na kupima maji yake kwenye jagi lenye alama. Andika bei ya chupa, ujira wa mpigaji na maji yaliyochotwa, ulinganishe na fedha ya ziada iliyoingia. Rudia msimu unaofuata kwenye miti ile ile, kwa sababu mchungwa una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili, na msimu mmoja peke yake unaweza kuisifia chupa kwa kazi ambayo mti ungeifanya wenyewe.